Gari Lililokula Mahari ya Sarah

Sarah alifika kwetu Soweto, mtaa wetu wa Mbeya, jicho limevimba mpaka limefumba, na gari la kaka yake lilikuwa uani juu ya mawe, halina magurudumu ya nyuma. Nilitazama jicho, nikatazama gari, nikajua papo hapo kwamba haya mambo mawili yatakuja kutukaba koo. Nilimvuta wifi yangu ndani, nikamkanda uso kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, naye akawa analia bila sauti.

"Faustina yuko wapi?" nikamuuliza. Faustina ni mwanawe, bado mdogo, hata kuvaa viatu mwenyewe hajui.

"Wamebaki naye. Nilikimbia kwa kupita kwenye mashamba ya tumbaku, wifi. Ningembeba wangenikamata."

Mume wa Sarah anaitwa Shadrack. Wako huko Chunya, nje kidogo ya mji. Wana tumbaku, wana ng'ombe, na siku hizi wana shimo la dhahabu. Shimo likitoa kitu, Shadrack anakunywa. Lisipotoa, anakunywa zaidi. Akishakunywa, anampiga mke wake. Hiyo ndiyo habari yake yote, sina cha kuongeza.

Mimi naitwa Ikupa, mtu wa Tukuyu, nina meza ya vitenge pale sokoni Mwanjelwa, na Mwanjelwa nzima inajua mdomo wangu hauna kufuli. Nilitaka twende polisi siku ileile. Nilishavaa na viatu. Sarah akanishika mkono.

"Wifi, wakimweka Shadrack ndani leo, kesho Faustina kapelekwa Tabora kwa shangazi zake. Nitampatia wapi? Mimi namtaka mwanangu tu. Warudishiwe ng'ombe wao, nichukue mtoto wangu, basi."

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo gari linapoingia. Mume wangu Seni na huyu Sarah ni Wasukuma waliokulia Usangu. Baba yao alihamia huko na mifugo wao wakiwa watoto. Katika ukoo wao ndoa ni ng'ombe, na ng'ombe wa mahari ya Sarah walikuwa ishirini. Hao si wa kula. Wanakaa kwenye zizi la kaka, wanazaa, maziwa mnakunywa, lakini siku binti akishindwa huko alikoolewa wanarudishwa, naye anatoka na mtoto wake mkononi. Wasiporudi, mama anaweza kuondoka akitaka, ila mtoto ni wa wenye ng'ombe. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Nakwambia tu ilivyo.

Sasa uliza, ng'ombe ishirini wa Sarah walikuwa wapi? Walikuwa uani kwangu, juu ya mawe.

Mwaka juzi Seni alipeleka mchele Iringa. Biashara ilikuwa imemkubali wakati ule, mchele wa Usangu ukifika Iringa haulali. Akiwa huko akakutana na dalali, na dalali akamwonyesha gari. Jeusi, refu, viti vya ngozi, paa la kioo linafunguka lenyewe, ukikaribia mlango taa zinakusalimia. Dalali akamwambia maneno ambayo madalali wote wanayasema, "Lilikuwa la mzungu hili, halijagusa vumbi." Seni akarudi Mbeya hasemi, hali, halali.

"Mama Jackline," akaniambia siku hiyo, "lile gari likiwa jipya ni bei ya nyumba. Mimi naletewa kwa bei ya Noah."

"Na kwa nini wanaliuza kwa bei ya Noah?"

"Mzungu akichoka na kitu anauza tu, hana habari na bei."

Eti hana habari na bei! Mzungu ambaye anapima hadi sukari ya chai. Nilimwambia, nikamwambia tena, nikanuna mpaka mtoto wetu Jackline akaniuliza kama naumwa. Wapi. Alikwenda Usangu, akauza ng'ombe wake mwenyewe, hawakutosha, akauza na wa Sarah. Baba zake wadogo walipomuuliza akasema anawageuza mtaji, watarudi wengine wanono zaidi. Sarah wakati huo alikuwa na mimba, yuko Chunya, nani angemuuliza?

Miezi ya mwanzo, mwenyewe nikubali, gari lilikuwa raha. Ukikaa mle ndani hata mashimo ya barabara huyasikii. Soweto nzima walimwita bosi, naye akaitika. Kanisani alikuwa anaegesha mbele kabisa, karibu na mlango, ili tukitoka watu walizunguke. Alinunua hadi miwani.

Kisha ikawaka taa. Taa ndogo tu ya rangi ya chungwa, pale mbele ya usukani. Nikamwambia, "Baba Jackline, kuna taa." Akasema, "Ni taa tu." Ikaja ya pili. "Ni taa tu, mama Jackline, magari ya kisasa yana taa nyingi." Siku gari lilipozimika katikati ya barabara pale Mafiati, na malori nyuma yanapiga honi mpaka nikaziba masikio, bado Seni akashusha kioo akawaambia watu waliotuzunguka kwamba gari halina tatizo, linapumzika.

Linapumzika! Jamani, nilitaka ardhi ipasuke.

Basi likaanza kula. Jirani yetu ana pikapu kuukuu. Ikimharibikia anaifunga kwa waya, inatembea. Hili la kwetu ukiligusa kwa bisibisi ya mtaani linazima lote, linagoma hadi vioo. Oili yake siyo ile ya watu wote. Tairi zake mpaka ziagizwe Dar es Salaam, na moja tu inatosha kulipa ada ya Jackline. Mvua ililowesha ufunguo, ufunguo tu, tukaambiwa aje mtu kutoka Dar na kompyuta yake auamshe mwingine. Tulimlipia nauli, tukamlaza gesti, tukamlisha kuku, kwa ajili ya ufunguo. Na mafuta sisemi. Seni alikuwa akitaka kwenda Uyole anafikiria kwanza, anapanda bodaboda.

Na kila ukimuuliza, jibu ni lilelile, gari ni zima, kuna kitu kidogo tu cha kurekebisha. Mtaji wa mchele ukaingia kwenye kitu kidogo. Kiwanja chetu cha Iwambi kikaingia kwenye kitu kidogo. Lakini nje ya geti Seni ni bosi bado, amekufa na tai shingoni. Akipita mtu, Seni anasimama karibu na gari, mkono mmoja juu ya paa, hata kama limekaa juu ya mawe.

Ndiyo maana siku Sarah alipokuja, Seni alisimama mlangoni akamtazama dada yake usoni, akageuka, akaenda kukaa ndani ya gari. Nilimwacha. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Nitaliuza," akasema. "Nitanunua ng'ombe."

Kwao Usangu alishapiga simu. Baba yake mdogo alimjibu kwa kifupi, wewe ulikula mahari ya dada yako, hapa hakuna zizi lako. Kwa hiyo gari ndilo lilikuwa njia pekee ya kumtoa Faustina Chunya, na sote wanne ndani ya nyumba tulilijua hilo, hata Jackline. Sarah alikuwa kila asubuhi anatoka uani na ndoo, analiosha. Limekaa juu ya mawe, naye analiosha mpaka vioo.

Mnunuzi alipatikana. Peter, mwenye mashamba ya miti Igowole, alikuwa na safari ya Iringa akasema tulipeleke huko alione. Fundi akarudisha magurudumu, akalitia upepo, tukaondoka watatu. Njia nzima nilikuwa naomba. Likipanda kamlima kadogo mshale wa joto unapanda nao, Seni anazima kipoza hewa, anafungua vioo, tunakula vumbi la malori. Makambako tukasimama kulimwagia maji. Mafinga tukasimama tena. Sarah ndiye aliyekuwa anashuka na dumu, hata hasubiri kuambiwa.

Tulifika Iringa tukaegesha nje ya duka la spea la Rupal, kwa sababu Seni ni mteja pale wa siku nyingi na Peter analijua duka. Peter akaja, mtu mnene mwenye kucheka. Akalizunguka gari, akapapasa viti, akasema, "Eeh kaka, hapa umetulia." Sarah akanibana vidole. Peter akaingia, akakaa kwenye usukani, akawasha. Likawaka vizuri. Nikasema moyoni, Kyala wangu, Mungu wangu, asante.

Halafu sehemu ya nyuma ikaanza kushuka. Taratibu, fwaaa, mpaka tairi zikazama ndani ya bodi, likakaa chini kwa makalio kama ng'ombe aliyekataa kwenda mnadani.

Peter akashuka. Alicheka, lakini hakucheka kwa ubaya. "Kaka, mimi barabara zangu ni za Igowole. Mvua ikinyesha huko hata trekta linapiga magoti. Hili litanilalia porini na kuni zangu." Akampa Seni mkono, akaondoka.

"Ni pampu tu," Seni akasema. Alikuwa anamwambia nani sijui, Peter alishavuka barabara.

Rupal alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameona yote. Ni dada wa Kihindi, wa makamo, amezaliwa palepale Iringa, Kihehe anakijua kuliko mimi. Alitukaribisha ndani, akatupa maji.

"Kaka Seni, pampu ninayo, na leo ukitaka nakuuzia. Lakini hii ni ya tatu. Pampu inakufa kwa sababu mabegi ya upepo yanayolinyanyua nyuma yanavuja, inafanya kazi bila kupumzika. Na ukiweka mabegi, utarudi kwa ajili ya giaboksi. Baba yangu alikuwa nalo kama hili. Sisi spea tunazo dukani, bado likatushinda, akanunua pikapu."

"Nililipata kwa bei nzuri," Seni akasema.

"Bei ya gari ndiyo iliyoshuka, kaka. Bei ya spea haikushuka. Spea bado zinakuona wewe ni yule mwenye gari jipya."

Nilitamani aseme mara mbili ili Seni aisikie vizuri. Lakini Seni alikuwa anatazama rafu, anajifanya anasoma maandishi ya maboksi. Na Sarah alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameinamisha kichwa. Hasira zangu zote zikaniishia. Nikaona huyu binti amekaa pale kama mzigo ambao umekosa gari.

Tulirudi Mbeya lori limetuvuta. Nilidhani ndiyo mwisho.

Kumbe. Baada ya hapo ilikuja simu kutoka Chunya, na aliyepiga alikuwa Mzee Mihayo, baba yake Shadrack. Shadrack alipata kuja mjini akaliona gari, siku za mwanzo lilipokuwa linang'aa, na halijamtoka kichwani. Kule machimboni vijana wakipata dhahabu wanashindana kwa magari. Mzee akasema kijana wake anataka gari, na kama Seni anakubali kulitoa badala ya wale ng'ombe ishirini, tuje, tulilete, na mwanamke aje ili achukue mtoto wake mbele ya watu.

Sarah alipiga magoti palepale sebuleni.

Nilifanya haraka. Vitenge vyangu vyote vya Mwanjelwa, na vile vya jumla nilivyokuwa sijafungua, nilimtupia mwenzangu Yudith kwa bei ya kutupa, naye akanionea huruma akanilipa siku hiyohiyo. Rupal akatuma pampu kwa basi. Fundi akaifunga, akafuta taa zote kwa mashine yake. Kwa muda zitakaa zimezimika, akasema, halafu zitarudi. Nikamwambia muda ndio ninaoutaka mimi.

Je, nilijua kwamba tunampelekea mtu mzoga? Nilijua sana, wala sikuona aibu. Nilisema, mwacheni Shadrack naye apate wa kumlisha. Gari likimkasirisha, alipige ngumi tuone nani ataumia mkono.

Asubuhi ya kuondoka nilimfuata Seni uani. "Baba Jackline, leo naomba kitu kimoja. Wakikuuliza habari za gari, sema kama unavyotuambia sisi kila siku."

"Mbona gari ni zima," akajibu, akaninunia kabisa. "Lina tatizo gani?"

Nikacheka. Tangu gari lile liingie kwetu ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo yananifurahisha.

Lilipanda mlima vizuri, likateremka upande wa pili vizuri, tukaingia kwenye joto la Chunya. Tulipoacha lami, vumbi likatufunika mpaka kwa Mzee Mihayo. Wazee walikuwa wameshakaa kwenye vigoda, kando ya bani la kukaushia tumbaku, na wake zao wamesimama nyuma. Shadrack alikuwa katikati ya uwanja na shati jipya. Hakumtazama Sarah hata kidogo, macho yake yote yalikuwa kwenye gari.

Faustina alitoka jikoni mbio. Alikuwa amekonda, na kichwani ana mapunye. Sarah alimdaka, akamweka mgongoni, akajifunga kanga, akasimama pembeni yangu.

Mzee Mihayo akanyanyuka na fimbo yake. Mrefu, mkavu, hana maneno mengi. Akalizunguka gari polepole. Akainama akatazama chini ya tumbo. Akaligonga ubavuni kwa fimbo, akafunguliwa boneti akachungulia mdomoni. Nilitaka kucheka, lakini wazee wote walikuwa wanamtazama kwa makini, na Seni naye. Kisha akarudi mbele, akasimama uso kwa uso na mume wangu.

"Huyu ana kilema gani?"

Hapo sasa. Kwao mnyama hapokelewi kimya. Anayepokea anauliza kilema, anayetoa anakitaja, watu wanasikia. Ng'ombe chuchu yake moja imekufa, unasema imekufa. Anapiga teke akikamuliwa, unasema anapiga teke. Ukishasema na mwenzio akakubali, hata akifa kesho hakuna neno. Seni alifundishwa hivyo na baba yake zizini kabla ya kufundishwa kusoma. Mimi hayo niliyajua kwa kusikia tu, na sikuwa na wasiwasi, kwa sababu huyu alikuwa gari, siyo ng'ombe, na habari za gari hili mume wangu anadanganya hata akiwa usingizini.

Seni akavua miwani.

Sema halina kitu, nikasema moyoni. Sema, baba Jackline. Sema ni zima.

"Anachemka akipanda mlima," Seni akasema.

Sauti ilikuwa ndogo, siyo ile ya bosi. Nilimkanyaga mguu. Hakusikia.

"Miguu ya nyuma haina nguvu. Upepo unavuja. Nimemwekea pampu mpya juzi, lakini itakufa, mbili za kwanza zilikufa. Giaboksi linagonga. Taa za kuonya zimezimwa kwa mashine, zitarudi. Anakunywa sana. Ukimnyima oili yake anaharibika."

"Seni!" nikapiga kelele. "Umerogwa?"

Mzee mmoja akaninyooshea mkono ninyamaze. Seni aliendelea, anatazama chini, anataja kimoja kimoja. Mengine hata mimi nilikuwa siyajui. Ilikuwa kama mtu anatapika. Alipofika mwisho alikuwa analia, mtu mzima yule, mbele ya wakwe.

"Baba, hizo ni spea tu," Shadrack akasema haraka. "Tutanunua."

Hapo nikapata matumaini. Walahi, nilimpenda Shadrack kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Chukua, nikasema, chukua wewe mjinga.

"Spea zake ziko wapi?" Mzee Mihayo akamuuliza Seni.

"Nyingine Iringa. Nyingine Dar es Salaam. Nyingine nimeambiwa haziji tena."

"Na wewe kwa nini ulimnunua?"

"Nilimpenda, baba."

Mzee akatikisa kichwa. Akamtazama Seni kwa heshima, nisimsingizie, kwa heshima kabisa. Akampa mkono. "Mwanangu, umesema kweli mbele ya watu. Baba yako alikulea. Lakini kwa mnyama huyu mimi sitoi hata mbuzi. Rudi naye. Ng'ombe wetu tutawangoja."

Shadrack akapiga teke vumbi akaondoka. Wazee wakaanza kunong'ona kwa Kisukuma. Kisha mzee akageuka upande wetu, na sauti haikuwa kali.

"Sarah, wewe hatukuzuii. Ukitaka kwenda na kaka yako, nenda. Mtoto mshushe."

Nikalipuka. Nilisema yote, ya pombe, ya jicho, nikawauliza kama kuna mmoja wao ana binti, nikawaambia nitaleta polisi wa Mbeya nzima. Wanawake kule nyuma walikuwa wanatazama chini, na mmoja alikuwa anajifuta macho. Sarah ndiye aliyenishika.

"Wifi, basi."

Hakunitazama mimi. Alimtazama kaka yake, kwa muda mrefu, wala siyo kwa hasira. Hasira ningeielewa. Alimtazama jinsi unavyomtazama mtu aliyekosea njia, unataka kumwita, unaona ameshafika mbali. Kisha akakaza fundo la kanga kifuani, Faustina bado yuko mgongoni amelaza shavu, akavuka uwanja, akapita karibu na Shadrack, akaingia jikoni. Baadaye nikasikia anapuliza moto.

Sikumbuki hata tulivyoingia garini. Nakumbuka barabara ya kupanda mlima, jua limeshapungua ukali, na Seni ameshika usukani kwa mikono miwili. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumshika mkono, yote kwa pamoja, na sikufanya lolote.

Tulipokaribia juu kabisa ndipo aliposema. "Ikupa, ulitaka niwadanganye wazee? Kwenye mahari?"

Jina langu halitaji hivihivi, mimi ni mama Jackline.

"Mimi umenidanganya tangu siku ulipolinunua," nikamwambia. "Wao ungewadanganya mara moja tu, na Faustina angekuwa amelala hapo nyuma."

Gari likaendelea kupanda, wala halikuchemka.